Njia ya Kona ya Mtini

Jumapili, 2 Machi
Huyu msanifu kutoka Kasablanka, Amzallag, ana lake jambo! Kaletwa kupanga upya makaburi yetu — miti, njia, mabenchi — na getini hajaingia hata mara moja. Anasimama nje na darubini. Driss mlinzi ananiambia, labda anaogopa wafu, bibi. Wapi! Sijaridhika.

Jumanne, 4 Machi
Nimeuona mchoro wa huyo msanifu. Njia pana inakatiza kona ya mtini. Kasema ni patupu. Patupu! Vichanga wanaofariki kabla ya kupewa jina hatuwawekei jiwe, Myahudi gani wa mji wetu wa Sefrou hajui? Mwanangu wa kwanza yuko pale. Marehemu mume wangu Yaakov alimzika, mimi hoi kitandani.
Huyu bwana anajua. Anajifanya tu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemwendea Messod, mkuu wa jumuiya.
"Shangazi Freha, ushahidi uko wapi? Hakuna jiwe."
"Na huyo msanifu wako mbona haingii? Anaficha nini?"
Akacheka. "Ni kuhani, shangazi! Kuhani wetu haruhusiwi kukaribia kaburi, wajua. Babu yake aliyemlea yuko mle, hajawahi kumfikia. Kona ile ndiyo pekee isiyo na makaburi. Ndiyo maana ya njia pana, apite mbali na makaburi mpaka kwa babu yake."
Nikaondoka zangu. Lakini huyo msanifu bado simwamini, jamani.

Ijumaa, 7 Machi
Unga wa mkate wa Sabato umenishinda kukanda. Mawe ya njia yameshatandikwa kona ya mtini.

Jumapili, 9 Machi
Nimemkuta getini, kavaa suti, mkononi ana kokoto ya kuweka juu ya kaburi la babu yake, kama desturi yetu. Kafumba macho, anasali. Nikajiambia, anaigiza huyu. Akainua mguu aingie njiani — nikamvuta koti!
"Usikanyage! Kuna watoto chini ya njia hiyo, pale kwenye mtini. Wangu yumo."
Uso ukampauka. Hakujua. Wallahi hakujua, masikini.
Sasa yuko sebuleni, chai hajaigusa. Ameniambia jambo moja tu: "Mama, nitakuamini wewe. Ukisema una hakika, njia naing'oa, na kwa babu siendi tena. Una hakika?"
Nimekimbilia chumbani, eti natafuta miwani.
Nina hakika ya nini? Nilikuwa kitandani. Yaakov aliniambia, kona ya mtini, basi. Kila nilipomwomba anipeleke, alikasirika. Miaka yote ile! Kwa nini ukasirike, mume wangu? Ulimpeleka wapi mtoto?
Msanifu anaita kutoka sebuleni. "Mama?"