Vitabu Vilivyovaa Kitenge

Mama yangu wa cherehani, wa mtaa wetu wa Mutakura,

Nakuandikia nikiwa nimekaa palepale kwenye benchi lako la barazani, na cherehani yako iko mbele yangu, imefunuliwa. Usishtuke. Sijaiharibu, nimevunja sindano mbili tu. Nina jambo la kukuuliza, na kwa kuwa umeshatutoka na huwezi tena kunikatiza, nitakuuliza hadharani, wasome wote.

Unakumbuka ilivyoanza? Nilikuwa darasa la tano. Shule yetu ilikuwa imepata vitabu vya hadithi, na mkuu wa shule akavifungia kwenye kabati la ofisini kwake kwa sababu, alisema, mikono ya watoto ina mafuta ya ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Hakusema uongo. Lakini kabati lilikuwa na milango ya kioo, na sisi tulikuwa tunapanga foleni dirishani kuvitazama vitabu kwa mbali, kama keki za watu. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikilia. Uliliacha gauni la bibi harusi likining'inia, ukajitanda kitenge chako, ukaenda shuleni moja kwa moja. Nilikuwa nyuma yako na nilisikia kila neno.

"Madame, kama ni uchafu njo unaogopa, mi nitavivalisha nguo. Nguo ikichafuka, tunafua. Vitabu wape watoto."

Mkuu wa shule alicheka, halafu akaona hucheki. Jumamosi ile ile nilibeba kikapu cha kwanza kuja nyumbani.

Nilidhani utashona tu. Kumbe ulikuwa na sharti lako. Wewe hukupelekwa shule hata siku moja, na hukulificha hilo kwa mtu yeyote. Ulikishika kitabu cha kwanza, ukakigeuza huku na huku, ukanirudishia.

"Soma kwanza. Mi siwezi kumupimia nguo mutu simujui."

Basi nikasoma. Jumamosi zote za utoto wangu zilikuwa hivyo: mimi kwenye benchi na kitabu, wewe umeinama juu ya bega langu na mkasi mkononi, tunangoja hadithi iishe ndipo useme "Bismillahi" na kukata. Kilichokuwa cha Kirundi au Kiswahili nilisoma kama kilivyo, cha Kifaransa nilikitafsiri nilivyoweza, na palipokuwa pagumu nilitunga. Ulichagua kitambaa kwa hadithi. Mbuzi mkaidi alipata mabaki mekundu kwa kuwa ana hasira. Hadithi ya mvua ilipata bluu. Mfalme mchoyo ulimshonea kipande cha pazia letu kuukuu, ukasema hastahili kitu kipya. Na kila kitabu kilipata kifungo kimoja juu ya uso wake, kama cha shati, ili mtoto ajue mbele ni wapi.

Tatizo, Mama, ni kwamba ulivivika hadi kichwani. Mkuu wa shule alipovipanga kabatini hakuona hata jina moja la kitabu.

"Mais Mama, sasa titre iko wapi?"

"Uliza watoto," ukamjibu.

Na kweli, watoto walivijua kwa michoro ya vitambaa. "Nipe ya kuku weupe." "Mi nataka ile ya pazia." Walimu nao wakazoea, nikamsikia mmoja akiwaambia darasa zima wafungue ile ya miavuli, ukurasa wa nne. Shule nzima ilisoma kwa vitenge, na mimi nilitembea uani kama mtoto wa waziri.

Nilipokwenda Gitega kusomea ualimu uliendelea bila mimi. Nikikuuliza nani anakusomea, unasema, "Watoto wa jirani wanakuja." Nikarudi nikiwa mwalimu, shule ile ile, na Jumamosi zetu zikarudi. Unakumbuka ile siku nilipokuwa nimechoka na nikataka kumaliza haraka? Nilirusha jicho nikaacha aya nzima. Wewe na pini zako mdomoni ukasema, "Apo umeruka." Nilicheka. Nilidhani watoto wa jirani walikwisha kukusomea kitabu hicho.

Ulipoondoka, mvua ilinyesha siku ya mazishi na wanafunzi walikuja na sare zao zimelowa. Mmoja aliniuliza kama vitabu vitakavyokuja vitakaa uchi sasa. 

Sasa nikupe habari. Mimi ndiye mtunza maktaba. Ile stoo ya majembe ya shule imepakwa rangi, ina rafu na mkeka, na vitabu vyako vyote vimo. Wiki mbili zilizopita alikuja binti mmoja wa mtaa wa Carama anayeitwa Goreth, anafanya kazi na kikundi kinachopeleka vitabu kwenye shule za msingi. Alikuwa na visanduku vitano vya vitabu vya kutugawia. Aliviona vyako, akavipapasa kimoja kimoja, uso ukamlegea. Kisha akasema kwa upole:

"Ni vizuri sana, Madame, kweli. Lakini mutoto mupya atajua aje kitabu ni ya nini?"

"Ataniuliza."

"Na siku hauko?"

Hapo alinishika. Kuna watoto wamehamia mwaka huu, hawajui kuku weupe wala pazia. Wanasimama mbele ya rafu wanatazama vitambaa tu, kisha wanatoka kucheza. Nilikuwa nimewaona na nilijifanya sioni. Goreth alinieleza kwamba visanduku vinakwenda pale ambapo mtoto anaweza kutafuta kitabu mwenyewe. Vitambaa vitoke, au majina yaonekane. Angerudi Jumatatu, na kama hatuko tayari vingepelekwa shule inayofuata kwenye orodha. Mkuu wetu wa sasa alinipa mkasi wa ofisi.

Mama, sikuweza. Nilivibeba vyote nyumbani kwa magunia, nikaketi hapa Jumamosi asubuhi na mkasi, na mkono ulikataa kabisa. Kila kimoja ni Jumamosi yetu. Lakini nikiwafikiria wale watoto wapya wanaotoka mikono mitupu, niliona aibu. Wewe ndiye uliyesema vitabu wape watoto.

Ndipo nikatazama vile vifungo vyako, nikafikiria tundu la kifungo. Kitambaa kinatobolewa, pindo linashonwa, na nguo inabaki nguo. Ningefungua kidirisha chini ya kila kifungo, jina lionekane, vazi libaki. Shida ni kwamba sijui kushona, na ni wewe uliyenikatalia. Kila nilipougusa uzi ulininyang'anya: "We soma, sindano niachie mimi."

Nikaanza hivyo hivyo. Kitabu cha kwanza kabisa, chini ya kifungo, nikakata. Hakuna jina. Kumbe kifungo kilikuwa kwenye jalada la nyuma! Cha pili, jina lipo, limepinduka juu chini. Cha tatu, nyuma tena. Vyenye picha kwenye jalada ulikuwa umepatia, vya maandishi matupu ndivyo vilivyokushinda. Nilicheka mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta kuuliza kama niko mzima. Miaka yote hiyo, "kifungo kiko mbele kama shati", na nusu ya mashati umeyavalisha kinyumenyume! Na hakuna mtoto aliyekusemea.

Nikaendelea, gunia baada ya gunia. Nilipofika kwenye vya ile miaka niliyokuwa Gitega, kicheko kilikatika. Kimoja kiko sawa. Kinachofuata kiko sawa. Maandishi matupu, hakuna picha, na vyote viko sawa. Na kwenye jalada, chini ya kitambaa pasipoonekana na mtu, kulikuwa na vistari vya bluu. Nilivijua papo hapo, ni chaki yako ya kupimia nguo. Ulikuwa umechora kistari baada ya kila silabi ya jina la kitabu, kama unavyotia alama kitambaa kabla ya kukata. Kwenye kimoja ulikosea, ukafuta kwa kidole kilicholowa, ukachora upya pale panapostahili.

Sindano ya kwanza nilivunja hapo, kwa sababu sikuwa nikiona kwa machozi.

Hili ndilo swali langu. Ulikuwa unajua kusoma, na hukuniambia. Kwa nini? Watoto wa jirani nimewauliza, sasa ni watu wazima: hakuna aliyekusomea hata ukurasa. Basi ni juu ya bega langu ulikojifunza, Jumamosi moja moja, na ulikuwa unaijua ile aya niliyoiruka kwa sababu ulikuwa unaiona. Kwanza nilikasirika. Niliona umenicheza shere. Halafu nikaelewa, au najiambia nimeelewa: ungesema unajua, mimi ningeacha kukusomea. Na ulizipenda zile Jumamosi. Mimi pia nilizipenda, Mama, na ningekusomea hata kama ungekuwa umesoma kunishinda.

Jumatatu Goreth alikuja. Vidirisha vyangu vimepinda vyote, na vile ulivyovalisha vibaya nimevitoboa mbele na nyuma, kwa hiyo vina upepo wa kutosha. Alitazama jina moja, akagusa vile vistari.

"Nani ameandika ivi?"

"Mama yangu. Alikuwa anajifunza."

 Goreth akatoka kuita watu walete visanduku, na aliporudi alikuwa na karatasi ya nailoni mkononi. "Hizi za chaki tuzifunike, Madame, zisifutike." Tulizifunika pamoja. Watoto wapya wanaingia sasa, wanasoma majina kwa sauti kwenye vidirisha, na wengine wanafuata vistari vyako kwa kidole, silabi kwa silabi.

Vitabu vipya vimekuja uchi, kama yule mtoto alivyoogopa. Jana nilikimaliza cha kwanza kwa mkono wangu. Nilikisoma kwanza, kwa sauti, hapa barazani peke yangu, kisha nikasema Bismillahi. Ni cha kijani, kina kidirisha, na kifungo nilikishona mara tatu mpaka kikashika. Asubuhi hii nikakiweka rafuni kwa mbwembwe. Msichana mmoja wa darasa la pili alikichukua, akakigeuza huku na huku, akaniangalia kwa huruma.

"Madame, kifungo iko nyuma."

Nikatazama. Kweli, kiko nyuma. Nimekiacha hivyo hivyo.

Ni mimi, kitinda mimba wako, yule anayeruka mistari.