Barua Tisini na Sita, Kura Tisini na Tano

Alhamisi, 31 Oktoba

Siku ya kumi na moja, Wizara kimya. Nimewauliza mara mbili: kile kiti kimoja cha Baraza tumpe nani, Jirani Mkubwa au mgombea wa Wale Watano? Hakuna jibu. Labda anayejibu yuko semina.

Nikamfuata Balozi. Alikuwa anatafuta miwani, nayo iko kichwani kwake. Akasema nishughulikie. Haya, nimeshughulikia! Wale Watano ni nchi ndogo kama sisi, zimeungana nyuma ya mgombea mmoja. Tuwape kura moja kwenye kiti, watupe tano kwenye azimio letu la mapipa. Moja kwa tano — wapi utapata biashara hiyo? Nimeandika barua, nimetia saini, nimegonga muhuri, nimeipeleka mwenyewe. Ghorofa tatu kwa miguu, lifti mbovu.

Azimio linataka kura 96 kati ya nchi 191. Tulikuwa na 86. Sasa 91.

Mdogo wangu kapiga simu kutoka nyumbani. Kisima cha tatu nacho kinanuka. Binti yake, mwanangu, mikono imebambuka hata penseli hashiki. Mapipa 412 yamefukiwa nyuma ya kile kiwanda kilichofungwa, hakuna ajuaye yana nini ndani. Azimio likipita, wataalamu watakuja kupima maji na kufukua mapipa. Lisipopita tutaendelea kupewa pole kwenye hotuba.

— Dada, kura zimefika ngapi? Hanisalimii hata kidogo, hilo ndilo swali lake la kwanza.

Jumatatu, 4 Novemba

Waraka wa Wizara umefika. Leo! Kura ya kiti ni ya Jirani Mkubwa. Waziri amewatembelea, wamemwandikia barua, naye amewaandikia. Wao na marafiki zao wanatupa kura nane kwenye mapipa.

86 na 5 na 8 ni 99. Tumevuka! Ila nina ahadi mbili na karatasi moja ya kura. Ukitoa watano, 94. Ukitoa wanane, 91. Kotekote azimio limekufa.

Nilitaka kumwambia Balozi kuhusu barua yangu ya Alhamisi. Nimefika hadi mlangoni. Alikuwa anacheka kwenye simu na Waziri. Nikarudi kukaa.

Ningekuwa na shahada, ningesema niliteleza kidogo. Mimi nilianza hapa kwa kupiga taipu, vidole kumi, bila mtu wa kunishika mkono. Kwangu itaitwa kughushi.



Jumanne, 5 Novemba

Tulivyo watatu ubalozi mzima, na vikao sita kwa wakati mmoja, tunashikiana viti. Balozi akiwa Chumba cha Nne, Msomi, ofisa wetu, yuko Ukumbini, mimi nakimbia katikati. Na tunasainiana. Anayekaa anasaini kwenye daftari letu jina la aliyepangwa, la sivyo ni fomu tatu za kubadili mjumbe. Miaka tisa tunafanya hivyo.

Leo aliyepangwa Ukumbini alikuwa Msomi. Mimi na huyu hatuivi chungu kimoja. Shahada tatu, na barua zake nasahihisha mimi! Saa nne kasoro kaja mbio, jasho linamtoka, shati nje. Mkewe kashikwa na uchungu.

— Dada, nishikie kiti, nakuomba. Kura ni Jirani Mkubwa, waraka huo hapo.

— Nenda, we baba mtu! Na hilo shati lichomekee, mtoto asije akakukataa.

Nikasaini jina lake. Nikapewa karatasi. Kura ya siri, unaandika jina, unakunja. Nikapiga hesabu. Kila mtu korido nzima anasema Jirani Mkubwa atashinda kwa kura ishirini au zaidi. Kura yangu haitampunguzia kitu. Basi wacha nitimize niliyoyatia saini mimi, na Jirani atafurahia ushindi wake, na wote wawili watatupigia kura ya mapipa Ijumaa. Hakuna atakayejua.

Nikaandika mgombea wa Wale Watano.

Saa sita matokeo. Wale Watano 96. Jirani Mkubwa 95.

Nimeandika namba hizo tena hapa nizione. 96. 95. Ningeandika vingine zingegeuka. Miaka yote nalalamika kwamba kura yetu haihesabiki!

Watu wakatoka wote, mimi nimebaki kitini. Mfagizi akanigusa bega, akauliza kama naumwa.

Msomi kapata binti. Kilo tatu na gramu mia mbili.

Jumatano, 6 Novemba

Balozi wa Jirani Mkubwa tunamwita Mzee wa Tai, kwa kuwa hana siku mbili tai moja. Leo kavaa nyeusi. Kasimama mlangoni mwa mkahawa, kila anayepita anapewa mkono na kuambiwa sentensi ileile: ana barua tisini na sita za ahadi na kura tisini na tano. Mmoja tu kamdanganya. Mmoja! Atampata kabla ya Ijumaa.

Kiganja chake kikavu. Changu kilikuwa kimelowa. Akakitazama kiganja chake baada ya kuniachia.



Alhamisi, 7 Novemba

Wametupata.

Sijui nani kasema. Pengine mmoja wa Wale Watano kajisifu kwamba alikuwa na ahadi yetu. Saa tatu Mzee wa Tai alikuwa ofisini kwa Balozi, mlango umefungwa. Nilikuwa nje na faili mkononi, nasoma ukurasa mmoja mara kumi. Wakaomba daftari la mahudhurio la Jumanne. Nikalipeleka mwenyewe. 

Kiti cha Ukumbini: jina la Msomi. Saini ya Msomi, kwa mwandiko wangu, na hakuna aliyeutazama mara mbili.

Akaitwa. Nilijua sasa atasema: sikuwepo, alikaa dada. Dakika nne. Akatoka. Hakusema. Kasema tu kwamba hana la kueleza.

Amri imetoka Wizara mchana huohuo — leo wanajibu upesi! Arudishwe nyumbani, ndege ya kesho saa tisa alasiri. Mke na mtoto watafuata wakipata nguvu.

Nikamkuta anafungua droo zake, anatia kalamu kwenye bahasha.

— Kwa nini hukusema ulikuwa hospitali?

— Nikisema, tunafukuzwa wawili. Nani atahesabu kura kesho? Mapipa yako kwenu, dada, hayako kwetu.

Halafu akacheka kidogo.

— Na wewe uliandika Jirani, waraka ulikuwa mbele yako. Kuna nchi nyingine imewadanganya. Watagundua tu, nitarudi. Binti tulitaka kumpa jina lako, mama yake kakataa, eti atakuwa mkali.

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka kweli.

Ijumaa, 8 Novemba

Saa nne na nusu, ndani ya Ukumbi. Naandika chini ya meza.

Azimio la mapipa lilikuwa la pili leo. Mwenyekiti kalisoma vizuri, hata akatamka jina la kata yetu sawasawa. Mara Mzee wa Tai akainua kibao cha nchi yake: anaomba kuahirisha hadi saa nane. Hakuna aliyepinga. Marafiki zake saba wamekaa safu moja, hawanitazami. Wale Watano wananipungia mkono kwa furaha. Afadhali wasingenipungia.

Saa tano na robo. Balozi kaja kukaa karibu nami. Leo miwani iko machoni. Amenong'ona kwamba Jirani Mkubwa ni watu waelewa. Wanataka karatasi moja tu: shahidi aseme kwamba Msomi ndiye aliyekaa kwenye kiti na kuandika kinyume na waraka, kwa kichwa chake mwenyewe. Wakiipata kabla ya saa nane, kura nane zipo. Wasipoipata, hazipo.

— Shahidi ni nani, Mheshimiwa?

— Wewe mama, ndiye unayetunza daftari.

Amenitazama muda mrefu. Anajua? Sidhani. Au anajua na hataki kujua. Akaacha karatasi, akaenda kunywa chai.

Saa sita. 86 na 5 na 8 ni 99. 86 na 5 ni 91. Nimezijumlisha ukingoni mwa ukurasa mara sita, kama vile safari ya saba zitanihurumia. Barua ya namna hii itamfuata Msomi maisha yake yote, hapati kazi hata ya kufungua geti. Nikisema ukweli, mapipa yanabaki, na mimi naondoka. Wote tumekwisha.

Saa saba na dakika kumi. Ujumbe wa Msomi: yuko njiani kwenda uwanja wa ndege, anauliza kura zimefika ngapi. Halafu mdogo wangu, neno kwa neno swali hilohilo.

Nimeigeuza simu kifudifudi.

Saa saba na nusu. Watu wanarudi vitini. Mzee wa Tai kasimama kule mbele, ananyoosha kidole kwenye saa yake, kwa adabu kabisa. Karatasi iko mbele yangu. Imepigwa chapa vizuri, ila kuna kosa mstari wa pili na mkono unaniwasha kulisahihisha. Jina la Msomi lipo. Nafasi ya jina langu iko wazi, chini yake nafasi ya tarehe.

Nimejaza tarehe. Nane imetoka kama sifuri mbili. Balozi wetu yule, anarudi na kikombe, na kalamu yangu iko kwenye nafasi ya jina.