Kishipa cha Mama

Kaka yangu,

Salamu ulizotuma kwa simu zimefika. Sisi wazima. Bomba la jikoni limeacha kuvuja, na shangazi bado anakoroma mchana kweupe.

Mama ametoka hospitali. Daktari aliyempasua anasema ule mshipa wa ubongo uliovimba aliubana vizuri kabla haujapasuka. Ila nyuma ya uvimbe kulijificha kishipa chembamba kama uzi, kinacholisha sehemu ya kumbukumbu, nacho kikabanwa. Watu wengi wanavyo kadhaa. Mama alikuwa nacho hicho kimoja tu. "Vichwa havifanani, binti yangu," daktari akaniambia, akaenda zake.

Sasa kumbukumbu za Mama zimetoboka, na matundu anayaziba kwa mambo ambayo hayakutokea, tena kwa moyo mweupe. Mimi ndiye ninayemwogesha na kumlisha. Jana jirani alimuuliza nani anamtunza. Uso ukamng'aa: "Mwanangu wa kiume! Leo asubuhi amenisugua mgongo. Huyu ni binti wa kufua tu."

Miaka yote hujakanyaga hapa, kaka, na sifa unazila wewe. Basi kaa huko huko. Ukija, Mama atakulinganisha na yule anayemwogesha, nawe hutamfikia hata magotini.

Ni mimi,
binti wa kufua.