Mizizi Chini ya Mahindi ya Njano

Jumatatu, 12 Januari

"Mmea hauna akili, unakunywa unachopewa." Kasema wakala wa dawa za kupulizia majani ya mazao, leo asubuhi, ofisi ya kata Masukulu. Watu wakapiga makofi. Afisa ugani naye akapiga, mtu aliyesomea kilimo.

Wakala ana chupa inayotibu kila kitu. Kamwambia Mama Tusekile, mjane wa upande wa juu wa kanisa, kwamba udongo wake umekufa. Ang'oe mahindi yaliyogeuka njano, msimu ujao atumie chupa. Shamba lenyewe hajaliona.

Shemeji wa mama huyo, Anyosisye, alikaa benchi la mbele. Ukoo umeshatamka: mahindi yakishindwa tena mwaka huu, shamba linarudi kwake apande parachichi. Alimsikiliza wakala kama mtu anayesomewa wosia.

Mama Tusekile anang'oa Jumamosi. Bila shamba hilo hana lingine.

Jumanne, 13 Januari

Nipo Ibighi, nyumba ya wageni inayolipiwa na gazeti letu, chumba kinavuja. Nimempigia mtafiti wa udongo, mama wa Tabora aliyehamishiwa huku. Wote wanamwita Dokta. Swali lake la kwanza: majani gani yameanza njano, ya chini au ya juu? Sikujua. Wakala hakujua. Mkutano mzima haukujua, na ulipiga makofi.

Nimerudi Masukulu mchana, kwenye matope. Ya chini. Njano inaanzia ncha na kushuka katikati ya jani. Ya juu bado yana ukijani. Dokta: njaa ya nitrojeni. Mmea unanyang'anya majani ya zamani ili ulishe machipukizi. Kitu kisicho na akili kingeanza na machipukizi.

Jumatano, 14 Januari

Dokta kaja mwenyewe, buti, jembe, hana fulana ya tangazo. Kamuuliza Mama Tusekile aliweka mbolea lini.

"Siku ya kupanda. Yote."

"Na ya kukuzia?"

"Hiyohiyo siku. Watu wa kunisaidia wanakuja mara moja tu, mwanangu. Nikiwaita mara ya pili watasema mjane ana makuu. Na mfuko ukibaki ndani, ndugu wanajua njia ya kuufikia."

Hapa kila mtu anafanya hivyo. Siku ya kusaidiana ndiyo siku ya kila kitu: mbegu, mbolea, pombe. Kisha ikanyesha mvua ya Rungwe, ambayo haihitaji maelezo.

Mbolea ikishageuka nitrati, nitrojeni ambayo mizizi huinywa, udongo hauishiki. Inafuata maji kwenda chini. Mahindi yalikuwa na mizizi ya kidole kimoja. Chakula kilipita yakiwa bado watoto.

Dokta akachimba kando ya mstari, akaosha mizizi kwa maji ya ndoo. Upande mmoja, nyuzi chache, ndefu, tupu. Upande wa pili, mahali ndama alifungwa na kuacha samadi kabla ya kupanda, mizizi imetoa matawi kama ndevu. Shina moja, pande mbili.

Maelezo yake, nimeyaandika neno kwa neno kadiri nilivyoweza: ngozi ya mzizi ina protini, ni mlango na pia ni mlinzi. Inaingiza nitrati na inapima iliyopo nje. Ikiwa kidogo, inaing'ang'ania. Ikiwa nyingi, inalegeza mkono. Mzizi ukikuta mahali penye nitrati, unatoa matawi hapohapo. Upande wenye njaa unapeleka taarifa juu, majani yanatuma agizo upande wenye chakula: chukua zaidi. Hilo la mwisho limeonekana vizuri kwenye kimea kidogo cha maabara. Kwa mahindi, kasema, bado wanafuatilia. Alitenganisha anachojua na anachodhani. Ofisi ya kata ingemzomea.

Taarifa inatoka chini, inafika, inafanyiwa kazi. Chumba chetu cha habari hakijawahi kufika huko.

Anyosisye kapita. "Mwandishi, andikeni mambo ya bunge. Udongo umekufa, mtaalamu kashasema."

Mama Tusekile alikuwa bado kainama shimoni. "Njoo uguse, shemeji. Maiti haioti ndevu."

Hakugusa. Ana viatu vizuri.

Alhamisi, 15 Januari

Habari imetoka. Mhariri kaweka kichwa: MAHINDI YENYE UBONGO YAGUNDULIWA RUNGWE. Kakata mvua, kakata siku ya kusaidiana, ndama kambakiza. Miaka yote hii na bado ninamtumia nakala safi.

Wakala kapiga simu. "Mzee wangu, umeniharibia." Nikamuuliza majani yapi huanza njano. Akasema nisimtege. Nikamwambia ni swali la darasani. Akakata.

Afisa ugani kaniambia alijua siku zote. Alipiga makofi kwa heshima tu. Nimeandika hilo pia.

Ijumaa, 16 Januari

Mvua imepungua. Mama Tusekile hatang'oa.

Kumbe alibakiza nusu ndoo ya mbolea ya kukuzia, chini ya kitanda, kwa kuwaogopa ndugu. Dokta kampimia: kizibo kimoja cha soda kwa kila shina, kando yake kidogo, ifukiwe, nusu sasa na nusu baadaye. Kazi ya mikono miwili, haihitaji kuita watu. Alianza saa moja asubuhi. Nilimkuta mstari wa nne.

"Ndaga," kashukuru, bila kuinuka.

Nilimuuliza kama anaamini. Kasema haamini, anajaribu. Jibu bora nililopata wiki nzima.

Dokta hakuahidi kitu. Mahindi yakiipokea mbolea, majani mapya yataonyesha. Ya chini yaliyokufa hayarudi. Mavuno yatapungua hata hivyo.

Ukoo umekubali kuja kuona majani mapya kabla ya kuamua shamba ni la nani. Jumamosi, tarehe 31, saa tatu asubuhi, shambani.