Moto Ndani ya Robota

Jumatatu, 6 Agosti 1956

Leo tena sandukuni, ndani ya mashine ya kufunga pamba. Wanamwaga pamba kutoka juu, sisi watatu tunakanyaga kwa miguu mitupu mpaka inashuka, wanamwaga tena. Vumbi puani, vumbi machoni. Nimekohoa mpaka mbavu zinauma. Mashine inaminya, wanashona gunia, wanafunga mikanda ya chuma. Robota limekwisha. Lete lingine.

Mchana nilikwenda nyuma ya ukuta kuvuta msokoto. Ni marufuku. Kwenye uwanja wa jineri hii ya kuchambua pamba hata kiberiti ukikutwa nacho unafukuzwa. Najua. Nilivuta hivyo hivyo, maana nimechoka na tumbaku ndiyo inayoniamsha. Nyapara akaniita kwa ukali. Nikaubana msokoto kwa vidole, nikadhani umezima, nikauchomeka kwenye mkunjo wa shuka kiunoni. Ulikuwa umebaki nusu, sikutaka kuutupa. Nikapanda sandukuni.

Jioni napapasa kiunoni, msokoto haupo. Pale ulipokuwa pana tundu dogo. Ukingo wake umeungua.

Naogopa.

Jumanne, 7 Agosti

Labda ulizima. Labda ulianguka nje. Nimetafuta nyuma ya ukuta, sikuona. Tundu la shuka halidanganyi.

Mwaka jana fundi wa mashine alituambia kwamba robota likimeza moto haliwaki. Limeminywa mno, halina hewa. Moto unakaa ndani unakula polepole, siku kwa siku, kama homa ya mtu asiyelalamika. Nje unaona gunia zuri. Likipata hewa ndipo utalijua. Wakati ule tulicheka, tukamwambia atafute hadithi nyingine ya kutisha watoto.

Ghalani marobota yamepangwa mpaka karibu na bati. Lile langu ni lipi? Yote yanafanana. Nimejidai nayaweka sawa, kumbe naweka kiganja kwenye kila moja kama mama anayempima mtoto. Yale ninayoyafikia ni baridi. Ya katikati siyafikii.

Mlinzi wa ghala ni Mzee Masanja. Ndiye aliyenipa kibanda uani kwake nilipofika kutoka Buha, sina ninayemjua. Jua likizama anaingia ghalani na blanketi lake, na nyapara anafunga mlango kwa nje, anaondoka na ufunguo. Anasema mlinzi akiachiwa mlango atakwenda kulala kwa mke wake. Watu huwa wanacheka hilo. Mimi leo sikucheka.

Jumatano, 8 Agosti

Sikulala. Nilikuwa nasikiliza upande wa jineri.

Alfajiri Mzee Masanja amerudi anapiga miayo. "Mwangaluka, ng'wanawane. Mbona macho mekundu kama fisi aliyekosa mzoga?" Mwangaluka ni salamu ya asubuhi, ng'wanawane ni mwanangu, kwa Kisukuma. Nilimwitikia, nikaenda nyuma ya kibanda kuficha uso. Nilifurahi kumwona mzima. Halafu nikakumbuka kwamba jioni atafungiwa tena.

Nikisema, nafukuzwa. Nikifukuzwa tu si neno. Lakini aliyeunguza pamba hafukuzwi tu, anapelekwa baraza la mtemi na kutoka pale ni jela. Mke wangu nilimwacha na mimba. Mtoto sijamwona.

Sikusema.

Alhamisi, 9 Agosti

Nyapara ametangaza kwamba lori linakuja Jumamosi. Marobota yote yanakwenda Mwanza.

Nitaandika nilichowaza, maana hapa hakuna wa kunisuta. Niliwaza: liende. Lipakiwe, lifike huko mbele, liwake njiani au bandarini, nani atajua lilitoka kwenye mguu wa nani? Nilisikia raha kama mtu aliyetua mzigo. Nikala ugali nikashiba kwa mara ya kwanza wiki hii.

Baada ya kula nikamkumbuka dereva wa lori. Ana mazoea ya kuwapakia akina mama juu ya marobota, wanaokwenda gulioni na kuku wao. Anawaambia, "Kaeni, hapo ni laini kuliko kitanda cha mume."



Ijumaa, 10 Agosti

Mambo yameharibika.

Asubuhi Mzee Masanja alipofunguliwa alimwambia nyapara kwamba ndani kuna harufu ya kitambaa kinachoungua. Si kali, alisema. Inakuja na kupotea. Nyapara aliingia, akanusa, akatoka. Kisha akamgeukia mzee mbele yetu sote. "Harufu? Kiko chako kiko wapi?"

Kila mtu anajua Mzee Masanja anavuta kiko. Kila mtu anajua vilevile kwamba anakiacha nyumbani kabla ya kuja zamu, anakitundika juu ya mlango. Nyapara akamtuma mtu nyumbani. Kiko kililetwa, na kwa bahati mbaya kilikuwa bado na joto la asubuhi, kwa kuwa mke wake alikivuta kidogo alipokuwa anasubiri uji. Mzee alijaribu kueleza. Watu wakacheka kwamba mzee sasa anamsingizia mama.

Nyapara akasema, "Kikiungua kitu humu ndani, ni wewe. Utajibu kwa mtemi. Na leo unalala humo humo, ukinuse vizuri hicho unachokinusa."

Mzee Masanja alitazama chini.  Nimemfahamu misimu miwili, sijapata kumwona akitazama chini.

Mimi nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka kwake. Mdomo wangu ulifunguka.  Nikaufunga.

Mchana mke wake, tunamwita Mayu Kabula, yaani Mama Kabula, aliniletea michembe ya moto kwenye kibakuli, viazi vitamu vyake vya kukausha. "Kula, baba, umekonda. Mzee wangu amepatwa na balaa, usipatwe na wewe." Nilikula. Mtu gani mimi? Nilikula yote.

Jumamosi, 11 Agosti

Mkono umefungwa kitambaa, naandika vibaya.

Lori lilifika jua likiwa limepanda. Tukaanza kubingirisha marobota, watu wanne kwa kila moja. Akina mama wenye kuku walikuwa wanasubiri kando. Mzee Masanja alikuwa ametoka mzima, ameketi nje, hakuna aliyezungumza naye.

Tulipofika safu ya katikati niliweka kiganja kwenye robota moja nikalijua. Lilikuwa na joto. Si la kuunguza. Joto la mwili wa mtu.

Nikasema, "Hili lisiende." Nyapara akauliza kwa nini. Nikasema lina moto. Akaligusa. "Jua, mpumbavu wewe. Limekaa karibu na bati." Nikasema bati liko mbali. Akasema, "Mha huyu amechoka kazi. Pakia!" Wenzangu wakainama kulisukuma.

Nikakimbia nje nikapiga mwano.

Huo ni ukelele wa hatari wa Wasukuma. Mwaka jana ng'ombe walipoibwa niliusikia ukipita kijiji hadi kijiji. Anayeusikia lazima aje, aache jembe, aache chakula. Asiyekuja anatozwa faini. Na anayeupiga bure anatozwa zaidi, au anatengwa. Mgeni haupigi. Mimi niliupiga mpaka koo likapasuka.

Walikuja. Sikutegemea watakuja wengi hivyo. Kutoka mashambani, kutoka malamboni, wanaume na mikuki na fimbo, wanahema, wanauliza ng'ombe wa nani. Wakaona hakuna ng'ombe. Wakaona Mha mmoja amesimama mlangoni pa ghala, na nyapara anawaambia kwamba nina wazimu.

Mzee mmoja wao, mrefu, mwenye mkuki, akaligusa robota kama alivyofanya nyapara. Akanitazama. "Umetuita kwa mwano. Robota halitoi moshi. Haliwaki. Wewe umejuaje lina moto?"

Hapo hapakuwa na njia ya pembeni. Ningesema nimenusa, wangesema ni kiko cha Masanja. Ningesema nimehisi, wangesema ni jua. Kitu kimoja tu kingewafanya waamini.

Nikasema, "Nimeutia mimi. Jumatatu. Msokoto wangu." Nikafungua shuka nikawaonyesha tundu.

 Nilimwona Mzee Masanja akinyanyuka polepole. Sikuweza kumtazama.

Yule mrefu akasema litolewe. Tulilibingirisha mbali na ghala, mbali na lori, mpaka kwenye kiwanja kitupu upande upepo unakoelekea. Nikaomba shoka nikate mikanda mwenyewe. Mkanda wa kwanza ulikatika, robota likafutuka kama tumbo. Nyeupe. Nyeupe kabisa. Nyapara akaanza kucheka. Mkanda wa pili ukakatika, pamba ikapasuka katikati, na pale ndani palikuwa peusi kama moyo wa mkaa. Upepo ukaingia. Mwali uliruka juu kuliko kichwa changu.

Ndipo nilipoungua mkono. Walinivuta.

Lilichukua muda mrefu kuisha. Nyapara hakucheka tena. Wale akina mama wenye kuku walikuwa wamekaa chini, mmoja amejifunika uso kwa khanga.

Jumapili, 12 Agosti

Sikwenda kanisani.

Wazee wa kijiji wamekaa, wameniita. Yule mrefu ndiye aliyesema. "Mwano wako ulikuwa wa kweli, hapo hatukutozi kitu. Lakini ulikaa kimya, mwenzako akafungiwa na moto, na wewe unajua. Ukaona anaaibishwa, ukala chakula cha mke wake." Sijui nani alimwambia habari ya chakula. Labda nilisema mwenyewe.

Wameamua kwamba mpaka siku ya kupelekwa barazani, mtu yeyote asinipe moto, asinipe maji, asinisalimie. Atakayenipa, na yeye atatengwa. Jineri wamenifukuza. Alhamisi karani na askari watanichukua kunipeleka kwa mtemi.

 

Jumatatu, 13 Agosti

Maji nachota mwenyewe kwenye dimbwi la ng'ombe. Moto sina. Unga ninao, sufuria ninayo, mafiga yapo nje mlangoni, lakini ugali hauivi kwa macho. Kiberiti changu nilikitupa siku ile ya msokoto. Natafuna michembe mikavu niliyojiwekea, kama mbuzi. Baridi ya asubuhi imenikuta nimejikunja kama mtoto.

Kibanda hawajaninyang'anya. Mayu Kabula anafagia ua, akifika mlangoni pangu anageuka. Hafanyi kwa hasira. Anafanya kama mtu anayepita kaburini.

Jela naiogopa. Lakini hofu ile nyingine, ya kusikiliza upande wa jineri, imetoka. Nimeamka nikaitafuta, sikuiona.

Jumanne, 14 Agosti

Nimesikia watoto wakisema uani kwamba mlango wa ghala haufungwi tena kwa nje. Mzee Masanja aliwaambia wenye jineri, mbele ya watu, kwamba ufunguo ukikaa kwa nyapara watafute mlinzi mwingine. Wamempa ufunguo.

Jioni, kabla hajaenda zamu, alitoka na kiko chake. Siku zote huketi kwenye kigoda karibu na zizi. Leo alikileta kigoda mpaka mbele ya kibanda changu. Akaketi, amenipa mgongo. Hakunisalimia. Mimi sikumsalimia, nisimtie matatani. Alivuta taratibu, anatazama ng'ombe wakiingia. Nilikuwa naona masikio yake na moshi.

Alipomaliza alisimama. Kwa kawaida hukung'utia kiko kwenye jiwe la zizi. Leo alikikung'utia kwenye mafiga yangu. Akachukua kigoda chake akaenda kazini, hakugeuka.

Kati ya mawe kulikuwa na kipande cha kaa la moto, kidogo kuliko ukucha, chekundu.

Nilikaa nikikitazama.  Kisha nikakusanya majani makavu, nikapiga magoti, nikapuliza.