Hando la Siku ya Mila

Mjukuu wangu, mke mwenzangu Kadzo,

Mimi nilizaliwa na nyota. Mgiriama gani mwingine alicheza na hando, sketi yetu ya marinda, shuleni Jeddah, walimu wakasimama kumpigia makofi? Huku Kaloleni tu wazima. Goti la babu yako limepona, sasa hakamatiki. Natumai nanyi huko Riyadh hamjambo.

Unauliza kama uvae hando Siku ya Mila, maana unaogopa darasa litakucheka. Nilipokuwa msichana nikifagia shule ile ya Jeddah, mwalimu mmoja Mwaborijini, mmoja wa wale wenyeji wa asili wa Australia, alifanya sherehe ya mila za kwao. Kabla ya ngoma akawasalimu wazee wenye ardhi, kama ilivyo desturi yao. Nikadhani mwenye jengo amefika, nikakimbia kumpangusia kiti! Mwalimu akacheka, akanikalisha mimi.

"Na wazee wa kwenu ni akina nani, dada? Hebu tuchezee."

Alikuwa amejipaka udongo mweupe usoni, wala haoni haya.

Hando nimekushonea, baba yako atakuletea akirudi huko. Kuvaa ni shauri lako. Lakini mimi sikucheza. Nilimwambia, "Sina kabila, madam," nikajifungia stoo. Makofi yale ni uongo mtupu.

Bibi yako