Remmy na tumbili wa kwenye jarida

Domina, uko hapo? Nimetoka kumsindikiza Remmy ukweni, Ruhuwiko. Bado siamini.

Unajua mkewe Noela alirudi kwa mama yake kwa sababu tangu mtoto azaliwe, Remmy alihamia kulala sebuleni. Leo kaenda kumchukua. Badala ya kuomba msamaha, kabeba lile jarida lake la mitumba, la enzi za ruksa, miaka ya themanini huko!

Akasoma taratibu kabisa: kuna tumbili wadogo, dume na jike hawaachani maisha yao yote, lakini jike akishazaa hawakumbatiani tena kama zamani. "Ni maumbile, mama. Sijamchukia."

Mama mkwe siku zote humjibu akiwa ametazama pembeni kwa heshima. Leo akamgeukia. Akamgeukia, Domina!

"Na mtoto anabebwa na nani, baba?"

Remmy kudanganya hawezi. Akatafuta mstari kwa kidole. "Na dume, mama. Mchana kutwa. Jike humpokea kumnyonyesha tu."

"Noela, lete mbeleko."

Nimewaacha njiani wanarudi kwao. Mtoto kalala mgongoni kwa Remmy. Noela yuko nyuma yake na jarida mkononi, anatafuta ukurasa unaofuata.